Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye: Kulinganisha Vifaa vya Kuchora kwa Mkono na vya Kidijitali

Mtu anayeingia dukani kununua vifaa vya kuchora kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi. Macho yake hutua kwenye kisanduku chenye vidonge 36 vya rangi za maji vilivyopangwa kama upinde wa mvua, fedha hutoka hapo hapo, na karatasi hukumbukwa mwishoni kabisa, mara nyingi ikiwa ni daftari la kawaida au rimu ya karatasi za fotokopi. Anayeingia kwenye uchoraji wa kidijitali hupotea kwa njia inayofanana na hiyo: husoma idadi ya viwango vya mgandamizo wa kalamu, yaani jinsi inavyotofautisha mkono mwepesi na mzito, na kasi ya kishikwambi, lakini hajiulizi uso atakaouchorea utaupokeaje mkono wake. Nimewafundisha vijana kuchora kwa miaka kadhaa hapa Tanga, na jambo ambalo ningependa lieleweke kabla fedha haijatoka mfukoni ni kwamba kile unachokichora juu yake huamua matokeo kuliko kile unachokishika mkononi. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na nyuso, yaani karatasi, kitambaa, ubao na kioo, ndipo unafika kwenye rangi, kalamu na programu.

Karatasi mbili, rangi moja

Chukua brashi moja, rangi moja ya bluu na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza iwe ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya pili iwe karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, iliyotengenezwa kwa pamba. Zimua rangi kwa maji mengi, kisha itandaze kwenye zote mbili kana kwamba unapaka anga. Kabla dakika moja haijaisha, karatasi ya kwanza huanza kujikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, maji hujikusanya kwenye mabonde yake, na rangi hukaukia hapo kwa madoa yenye kingo zilizokolea. Ukirudisha brashi ili kurekebisha, nyuzi za karatasi hung'oka na kuviringika kama taka za raba. Kwenye karatasi ya pili maji hukaa juu kwa muda, huzama polepole, na ukiinamisha ubao rangi hushuka kwa usawa bila kuacha mstari. Ikishakauka unaweza kupaka tabaka la pili bila kulisumbua la kwanza, na hata kuinyanyua rangi kidogo kwa brashi yenye unyevu ili kupata wingu. Nimewaona wanafunzi walioamini kwamba hawana mkono wa kuchora wakibadilika siku waliyofanya jaribio hili, kwa sababu walitambua kwamba kwa miezi mingi walikuwa wakipigana na karatasi.

Kati ya hizo mbili iko karatasi ya gramu 300 iliyotengenezwa kwa massa ya mbao, na hiyo ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka yetu. Haijikunji sana na bei yake ni nafuu, ila hukauka haraka na bila usawa, hivyo anga pana ni gumu kulipaka juu yake. Kwa upande mwingine, rangi hunyanyuka kwa wepesi zaidi ukitaka kufuta kosa. Kwa mazoezi ya kila siku inatosha. Kwa kazi unayotaka kuiuza au kuitunza, nunua karatasi ya pamba, na badala ya kununua vitabu vilivyokwisha kukatwa, nunua karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 uikunje na kuipasua mwenyewe: utapata vipande vinane vya takriban sentimita 28 kwa 19, na gharama ya kila kipande kwa kawaida huwa chini ya ile ya kurasa za kitabu cha ubora huo huo. Zipo zenye uso laini uliopigwa pasi kwa joto, zenye chembe za wastani, na zenye chembe kubwa za kukwaruza. Anayeanza achukue za wastani, kwani zinavumilia karibu kila mbinu.

Kwa mkazi wa pwani kuna suala la unyevunyevu, ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa katika nchi za baridi havilizungumzii vya kutosha. Karatasi iliyoachwa wazi msimu wa masika huota ukungu na kupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na gundi iliyowekwa kwenye karatasi kiwandani ili kuzuia maji yasizame haraka huharibika, kiasi kwamba rangi huzama kwenye baadhi ya sehemu kama wino kwenye karatasi ya shashi. Hifadhi karatasi zako kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uweke mfuko huo kabatini, mbali na ukuta wa nje.

Kwa penseli mahitaji ni madogo. Karatasi ya gramu 120 hadi 160 yenye ukwaruzi kidogo inafaa, na penseli nne, yaani HB, 2B, 4B na 6B, zinatosha kwa mwaka mzima, hivyo hakuna sababu ya kununua mkebe wa penseli 24. Herufi B inaashiria weusi na ulaini, H ugumu. Tofauti hiyo inatokana na uwiano wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, kwa maana ndani ya penseli hakuna risasi yoyote ingawa wazee wetu waliiita kalamu ya risasi. Grafiti haifikii weusi kamili. Hata ukikandamiza 6B kwa nguvu zote utapata kijivu kinachong'aa, na anayetaka weusi wa kweli kwenye sura ya mtu wa rangi yetu, pale kivuli kinapoingia chini ya shavu, atumie mkaa wa kuchorea. Mkaa huo unaweza kutengenezwa nyumbani: jaza vijiti vilivyokauka vya unene wa penseli kwenye mkebe wa maziwa ya unga, funika, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, kisha uweke mkebe ndani ya jiko lenye moto wa wastani hadi moshi uache kutoka tunduni. Uache upoe kabisa kabla ya kuufungua, la sivyo vijiti vitashika moto na kugeuka majivu. Mkaa wa kupikia haufai kazi hii, kwa kuwa una vipande vigumu vinavyokwaruza karatasi.

Rangi za maji, akriliki, mafuta, na ile ya baiskeli

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya maji utapewa ya kupaka ukutani, na ukiomba rangi ya mafuta utapewa ile ya kung'aa inayopakwa milangoni na kwenye mageti. Rangi za wachoraji zenye majina hayo ni vitu vingine kabisa, hivyo taja wazi kwamba unataka za kuchorea picha.

Rangi za maji za mchoraji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya miti ya jamii ya migunga, gundi ambayo Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu duniani. Ubora wake hutegemea wingi wa unga wa rangi ulio ndani ya gundi hiyo, na hapo ndipo kisanduku cha vidonge 36 cha bei ya chini kinapoanguka: vidonge ni vingi, lakini ndani yake kuna vijazio zaidi ya rangi, hivyo unasugua brashi bila kupata nguvu. Kwa fedha hiyo hiyo, au kwa kuongeza kidogo, tyubu sita nzuri zitakupeleka mbali zaidi kwa sababu zinachanganyika na kuzaa nyingine. Geuza tyubu usome msimbo ulioandikwa kwa herufi ndogo, maana jina la mbele limewekwa kwa ajili ya kuuza, bali msimbo hutaja kilichomo. PB29 ni bluu ya ultramarini, PB15 ni bluu ya thalo yenye nguvu nyingi, PV19 ni waridi ya kwinakridoni, PY43 ni manjano ya udongo, PBr7 ni kahawia ya udongo. Tyubu yenye msimbo mmoja huchanganyika kwa usafi. Yenye mitatu au minne huzaa tope haraka. Neno "hue" likiandikwa baada ya jina la rangi, lina maana kwamba ni mfano wa rangi hiyo uliotengenezwa kwa unga mwingine, kwa kawaida wa bei nafuu, na si kosa kuinunua mradi ujue unachonunua.

Angalia pia uwezo wa rangi kustahimili mwanga, ambao kampuni nyingi huuonyesha kwa namba za Kirumi au nyota. Daraja la I na la II ndiyo ya kutegemea. Hili si jambo dogo. Vincent van Gogh alipochora chumba chake cha kulala mjini Arles mwaka 1888, aliandika katika barua kwamba kuta ni za zambarau hafifu, na leo watu huziona za bluu, kwa kuwa wekundu uliokuwa ndani ya mchanganyiko huo ulififia. Nyumba zetu zina madirisha mapana na jua kali, na picha iliyotundikwa mbele ya dirisha kwa miaka mitano hupokea mwanga mwingi sana.

Akriliki huzimuliwa kwa maji, lakini ikikauka hugeuka plastiki isiyoyeyuka tena. Sifa hiyo ndiyo faida yake na ndiyo adha yake. Ndani ya dakika chache unaweza kupaka juu ya ulichopaka, kosa hufunikwa, kazi inaweza kusafirishwa siku inayofuata. Lakini brashi iliyosahauliwa nusu saa imekwisha, na kwenye joto la Dodoma au Garissa rangi hukaukia kwenye paleti kabla hujaifikisha kwenye picha. Dawa yake ni rahisi: tandika kitambaa kibichi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, weka karatasi ya kuokea juu yake, na ukamulie rangi hapo, nawe utaikuta mbichi hata kesho yake. Zingatia pia kwamba akriliki hukolea kidogo ikikauka, hivyo rangi ya ngozi uliyoipata barabara ikiwa mbichi itakuwa nzito zaidi jioni.

Mafuta yana ukarimu ambao rangi nyingine hazina. Hayakauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na jambo hilo huchukua siku au majuma. Kwa hiyo unaweza kuulainisha mpaka kati ya shavu na kivuli leo, ukaendelea nao kesho. Lakini yanadai chumba chenye hewa, subira ya miezi sita hadi mwaka kabla ya kupaka vanishi ya mwisho, na kanuni ya tabaka: la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, vinginevyo picha itapasuka. Nasisitiza jambo la usalama ambalo wauzaji hawalitaji. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani na kukunjwa pamoja kwenye kapu hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje mpaka yakauke na kukakamaa, au yaloweshe kwa maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Anayechora kwenye chumba kimoja anacholala na watoto achague akriliki, na sina mjadala katika hilo.

Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakutumia chochote kati ya hivyo. Alipaka rangi ya enameli, ile ya kung'aa iliyotumiwa kwenye baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Watu hulieleza jambo hili kama uhaba tu, lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba uso na rangi viliafikiana: hadibodi ni ngumu, haipindi kwa urahisi, na upande wake laini huiacha enameli itandae na kung'aa bila alama za brashi, hivyo mnyama wa rangi moja kali husimama juu ya usuli wa rangi nyingine kwa mstari safi. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo unaendelea mpaka sasa, na ushirika wa wachoraji wake uko Oysterbay. Enameli bado ni chaguo halali kwa picha za namna hiyo. Udhaifu wake ni harufu kali, weupe unaogeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na ugumu unaoifanya ipasuke ikikunjwa kwenye kitambaa. Anayewauzia wageni kazi za kuviringishwa na kuwekwa kwenye begi atumie akriliki juu ya kitambaa, na aviringishe upande wenye rangi ukiwa nje, kwani ndivyo rangi inavyonyooka bila kujikunja ndani wakati wa kufungua.

Kitambaa chenyewe si lazima kitoke ng'ambo. Merikani nzito, ile ya pamba isiyopaushwa, inafaa sana ikiandaliwa vizuri: ifue kwanza kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kisinyae mapema, ikaushe, ivutie kwenye fremu ya mbao iliyonyooka, kisha ipake jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya msingi inayoandaa kitambaa, mara mbili au tatu huku ukiisugua kwa msasa laini kati ya tabaka. Wengi hupaka rangi nyeupe ya ukutani badala ya jeso. Ile ya bei ya chini ina chaki nyingi na kiunganishi kidogo, nayo huacha unga mkononi. Kama huna jeso, nunua angalau rangi ya ukutani ya daraja la juu.

Kioo na bamba: mkono unaona nini

Kwenye uchoraji wa kidijitali kuna nyuso tatu za kuchagua, ukiacha simu ambayo nitaifikia mwishoni.

Ya kwanza ni tableti ya kuchorea isiyo na kioo, yaani bamba tupu, kama Wacom Intuos au zile za Huion na XP-Pen. Huchomekwa kwenye kompyuta, mkono unachora mezani na mstari unatokea mbele yako. Ni ya bei nafuu kupita zote, haihitaji kuchajiwa kalamu katika aina nyingi, na mgongo haupindi kwa kuwa unatazama mbele. Ugumu wake hujulikana kwa jaribio dogo: mwambie anayeanza achore duara. Mstari huanza vizuri, huzunguka vizuri, kisha ncha mbili zinapokaribia kukutana hupishana kwa upana wa kidole, kwa kuwa mkono haujui jicho linaona wapi. Mtu anayefanya mazoezi nusu saa kila siku huanza kulifunga duara hilo baada ya majuma mawili au matatu, na baada ya hapo husahau kabisa kwamba liliwahi kumsumbua. Tatizo linalobaki ni ukubwa. Tableti ndogo ya Intuos ina eneo la kuchorea la takriban sentimita 15.2 kwa 9.5, ilhali kioo cha kompyuta mpakato ya inchi 14 kina upana wa karibu sentimita 31. Maana yake kila mtikisiko wa mkono huongezeka maradufu. Anayechora kwa kiwiko na bega achukue ya wastani, yenye takriban sentimita 21.6 kwa 13.5.

Ya pili ni tableti yenye kioo, inayounganishwa na kompyuta kwa nyaya na kuonyesha picha chini ya kalamu. Hapa duara hufungika siku ya kwanza. Lakini lazima uwe na kompyuta yenye nguvu, meza isiyohamishwa na umeme wa uhakika, na kioo chenyewe hupata joto. Kinachotofautisha nzuri na duni ni umbali kati ya ncha ya kalamu na mstari unaotokea: kioo kilichogandishwa moja kwa moja juu ya paneli inayotoa picha huleta mstari pale pale, ambacho hakikugandishwa huacha mwanya unaoonekana hasa pembeni.

Ya tatu ni kishikwambi kinachojitegemea, iPad au cha Android chenye kalamu yake. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, faida yake ni kubwa kuliko zote nilizozitaja, maana unaendelea na kazi kwa betri, na unaweza kuketi chini ya mwembe ukachora. Tahadhari hapa ni kalamu. Apple Pencil ya USB-C, iliyotolewa mwaka 2023, haihisi mgandamizo wa mkono, hivyo mstari hauwi mnene ukikandamiza. Mchoraji atafute ya kizazi cha kwanza, cha pili au Pro, kulingana na iPad aliyonayo. Vivyo hivyo, si kila kishikwambi cha Samsung kinachopokea S Pen. Galaxy Tab S6 Lite huja nayo ndani ya boksi, na kalamu hiyo inachora bila kuhitaji betri. Zile kalamu zenye ncha ya mpira zinazouzwa barabarani ni mbadala wa kidole tu.

Kuhusu viwango vya mgandamizo, 4096 au 8192, usilipie tofauti hiyo, kwani mkono wa binadamu hauitambui. Ukiwa dukani fanya majaribio mawili. Gusa kwa wepesi kabisa uone kama mstari hafifu unatokea, kisha weka rula kwa mshazari na uburute kalamu polepole sana. Kifaa duni huchora mstari wenye mawimbi. Jaribio hili la pili limeniokoa mara mbili.

Kisha kuna mguso. Kioo kitupu kinateleza, na anayetoka kwenye penseli huhisi kwamba mkono wake hauna breki. Plastiki yenye ukwaruzi inayobandikwa juu ya kioo hurudisha hisia ya karatasi, ingawa hufifisha rangi kidogo na kula ncha za kalamu, hivyo nunua ncha za akiba mapema. Kwa sisi wa pwani ongeza glavu ya vidole viwili, inayofunika kidole cha mwisho na cha pete: mkono wenye jasho hushikamana na kioo, na mstari mrefu hukatika katikati.

Programu sitazizungumzia sana, kwa kuwa nyingi zinatosha. Krita ni ya bure kwenye kompyuta na inakidhi mahitaji ya mchoraji wa picha kwa miaka mingi. Procreate hulipiwa mara moja, na toleo lake kamili liko kwenye iPad peke yake. Photoshop hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na kwa mtu ambaye kipato chake hakina ratiba deni la namna hiyo ni mzigo. Asiianze mpaka kazi anayoifanya iwe inailipia. Wachoraji wa katuni za kurasa nyingi wanaipenda Clip Studio Paint kwa vifaa vyake vya fremu na viputo vya maneno.

Picha ikitoka kwenye kioo

Niliwahi kuchora bahari ya Pangani kwenye kishikwambi, kwa ile rangi ya kijani-bluu inayowaka wakati wa kaskazi maji yanapokupwa. Kwenye kioo ilikuwa hai. Nilipoipeleka kuchapishwa ilitoka ya kijivu, kama bahari ya siku ya mvua, nami nikamlaumu mchapaji kabla ya kuelewa. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino huo hauzifikii kabisa, hasa kijani-bluu kali, waridi linalowaka na chungwa la jua. Mchoraji wa karatasi hana tatizo hili kwenye kazi halisi, kwa sababu anachokiona ndicho anachokiuza. Wa kidijitali aombe nakala ndogo ya majaribio kabla ya kuchapisha nyingi, na aanze na ukubwa sahihi: A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Picha iliyochorwa ndogo haikuzwi baadaye bila kuharibika. Ila kadiri turubai inavyokuwa kubwa, ndivyo kishikwambi chenye kumbukumbu ndogo kinavyokupa matabaka machache, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu, na hilo lifikiriwe wakati wa kununua, si baada ya hapo.

Kuhusu gharama, karatasi na rangi huanza kwa kidogo na kuendelea kudai kila mwezi. Kifaa cha kidijitali hudai kikubwa siku ya kwanza na kidogo baadaye, mpaka kianguke au kiibiwe. Weka nakala za faili zako mahali pawili tofauti. Na fikiria mauzo: picha ya akriliki ni moja duniani na mnunuzi hulipia upekee huo, ilhali faili huuzwa kama nakala, kitabu, tangazo au kitambaa.

Kwa hiyo anayetaka kuuza picha za ukutani kwa wageni na mahoteli achague akriliki na merikani, kompyuta isubiri. Anayebuni kanga achague kidijitali bila kusita, maana rangi ni chache na bapa, pindo na mji hujirudia, na mwenye kiwanda akitaka nyekundu igeuzwe kijani ni kazi ya dakika moja. Mchoraji wa katuni za magazeti naye yuko upande huo kwa sababu ya muda. Anayechora vitabu vya watoto anaweza kwenda popote, nami binafsi bado napendelea rangi za maji zilizoskaniwa, kwa ajili ya zile kingo laini ambazo mtoto huzifuata kwa kidole.

Aliye na simu ya kawaida tu na fedha kidogo asisubiri kishikwambi. Achore kwa penseli na kuimarisha mistari kwa kalamu nyeusi isiyovuja kwenye karatasi nyeupe ya gramu 160, apige picha karibu na dirisha saa nne asubuhi bila jua la moja kwa moja, huku simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi. Picha hiyo aifungue kwenye ibisPaint, ambayo ni ya bure ikiwa na matangazo, aongeze mwanga mpaka weupe wa karatasi uwe weupe kamili, kisha aliweke tabaka la mistari kwenye hali ya kuzidisha (Multiply), ambapo weupe hupotea na weusi hubaki. Chini yake afungue tabaka jipya na kupaka rangi kwa kidole. Mistari itakuwa ya mkono wake halisi, yenye unene na wembamba ambao kidole kwenye kioo cha simu hakiwezi kuupata, na gharama yake yote itakuwa karatasi moja na kalamu moja.